Nusu Saa ya Beverlyne

Jumamosi, 2 Agosti 2025. Jinja

Amesukwa! Beverlyne wangu amesukwa nywele!

Picha imeingia kwenye simu saa nne asubuhi, nikiwa na sketi ya mtu kwenye cherehani. Mistari sita, imenyooka, na shanga mbili nyeupe kila mwisho. Chini wifi Gorreti ameandika: Ona mrembo wetu. Wetu! Nimeitazama ile picha mpaka sindano ikatoka nje ya mshono. Nikafumua, nikaanza upya.

Miaka sita, na mimi mama yake sijawahi kugusa kichwa cha huyu mtoto kwa kitana bila mtaa mzima kujua. Akikiona tu analala chini, anapiga mayowe. Nimekuwa nikivizia alale mchana nimpunguze kwa mkasi, upande huu leo, upande ule kesho. Watu wa sokoni wanadhani ni mvulana. Na sasa Gorreti, wiki saba tu amekaa naye, mistari sita. Na shanga juu!

Nimemjibu: Amependeza, asante wifi. Kile kikatuni cha moyo vidole vilikataa kukibonyeza.

Jumapili, 3 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Niliona vichwa vya watoto tu.

Niandike ukweli, hiki kitabu hakisomwi na mtu. Si kwamba sitaki asukwe. Nataka nimsuke mimi.

Na hakuna aliyeninyang'anya. Nilimpeleka mwenyewe, mwezi wa sita. Masikio ya Bevu yanapokea kila sauti kwa pamoja, ya mbali na ya karibu. Mvua ikipiga mabati analia mpaka anatapika. Lebo ya nguo ikigusa shingo anajivua hapohapo barabarani. Lakini adui yake mkubwa ni cherehani yangu. Na cherehani ndiyo kazi yangu, na chumba ni hikihiki kimoja! Nikikanyaga tu, anaziba masikio, anagonga kichwa ukutani. Sasa niache kushona tule nini?

Ndipo tukasikia Mbale kuna chumba ambamo watoto kama yeye wanasikilizishwa muziki maalumu kila siku. Gorreti, dada wa mume wangu Masinde, anakaa Namatala, si mbali na hapo. Masinde yuko barabarani na lori lake, Mombasa, Kampala, Mombasa. Tukakubaliana Bevu aende kwa shangazi yake, apate muziki, mimi nishone. Nilishukuru! Nilimshonea hata Gorreti gauni la kitenge. Mjinga mimi.

Alhamisi, 7 Agosti. Mbale

Nimefunga kazi siku tatu, nimekuja kuona kwa macho yangu.

Mwalimu Twaibah, mwenye chumba cha muziki, ameniruhusu nikae kwenye kona, nisiseme. Chumba kidogo, mikeka, mapazia mazito. Feni wameizima kwa sababu inalia. Watoto wanne, kila mmoja na hedifoni kubwa na kisanduku cha muziki kiunoni. Niliomba nisikie. Ni fidla na kinanda, basi, ila muziki wenyewe hautulii. Unakuwa mwembamba, unakuwa mzito, sauti moja inaondoka halafu inarudi. Mwalimu anasema ndiyo kazi yenyewe, sikio lijifunze kufuata na kuchagua. Akanionya nisiwaambie watu ni dawa. Kuna watoto umewasaidia sana, wengine kidogo, wengine hajaona tofauti. Nusu saa kwa siku, haipiti.

Mikono ipewe kazi ya kimya wakati masikio yanasikiliza. Gorreti huwa anachambulia karanga wenye maduka, basi anakuja na beseni lake. Bevu alizamisha mikono hadi kwenye viwiko, anachota, anamwaga, anachota, uso umelegea. Umelegea! Uso ule sijauona tangu alipokuwa ananyonya. Nilifurahi. Kweli nilifurahi, labda dakika moja.

Halafu muziki ukaisha, akavuliwa hedifoni, akatazama chumba. Aliniona, naapa aliniona. Akapita mbele yangu kwa zile ncha zake za vidole vya miguu, akaenda kuingiza pua kwenye kwapa la Gorreti.

Gorreti akacheka, akamwambia, akina mama wote wakisikia, nenda kamsalimie mama. Ati kamsalimie! Mimi mgeni nimeshuka na zawadi.

Ijumaa, 8 Agosti. Mbale

Masinde amepiga kutoka Malaba, amekwama kwenye foleni ya malori. Sauti ya furaha. Gorreti amepata nafasi ya shule hapa Mbale, darasa la watoto wachache, mbali na barabara. Muhula unaanza tarehe kumi na tano Septemba. Bevu abaki.

Abaki mpaka lini? nikamuuliza.

Akasema, we mwenyewe si unaona anavyoendelea. Kwako kuna cherehani. Halafu akaongeza kwamba hakuna anayenilaumu. Mtu akikwambia hakuna anayekulaumu, jua wameshakaa kikao.

Na kwetu Wabukusu senge, yaani shangazi, ana neno lake kwa mtoto wa kaka yake. Damu ni yao. Senge akisema mtoto akae kwake, wazee hawahangaiki kumuuliza mama. Mama alikuja na sanduku tu.

Nilisema betri inakwisha.

Jumamosi, 9 Agosti. Mbale

Nimejitoa haya. Asubuhi nilimfuata Mwalimu Twaibah kabla hajafungua mlango, nikamwambia, nipe na mimi. Mashine, muziki, kila kitu. Nifanye mwenyewe nyumbani kwangu.

Amesema chumba kitafungwa wiki mbili kuanzia tarehe kumi na sita, na huwa anawaazima wazazi anaowaamini. Masharti ni haya. Nusu saa, asubuhi, mara moja. Sauti isipite alama aliyoweka kwa rangi ya kucha. Akishavua, apumzike. Halafu akanipa daftari la bluu. Kila siku niandike amesikiliza muda gani, amekula vipi, amelia au hakulia. "Andika hata kikiwa kibaya, Mama Beverlyne. Mimi nyumbani kwako sioni. Nitafuata unachoniandikia."

Gorreti akaruka, ati anaweza kuja Jinja anisaidie. Nikamwambia hapana wifi, umechoka, pumzika. Kwa sauti ya sukari kabisa.

Nimempigia Masinde. Wiki mbili kwangu zikienda vizuri, mtoto anarudi Jinja, habari za shule ya Mbale ziishe. Akasema sawa. Akitulia kwako, nitaongea na dada.

Haya sasa. Tutaona.

Jumamosi, 16 Agosti. Jinja

Yuko hapa! Amelala kwenye mkeka wake, mdomo wazi.

Cherehani nimeifunika shuka mbili. Bevu alipofika alinusa pazia, akanusa godoro, akanusa mkono wangu pia! Gorreti alimfungia mfuko wa karanga. Nimeusukuma uvunguni. Mimi nina kopo la vifungo, vikubwa, vidogo, vya koti, vya shati. Nikavimwaga kwenye beseni. Nusu saa nzima ameogesha mikono kwenye vifungo vyangu, hedifoni masikioni, ametulia tuli.

Daftari la bluu: Nusu saa. Hakulia. Amekula ndizi mbili. Na ni kweli tupu.

Jumatatu, 18 Agosti

Sitasahau siku hii. Baada ya muziki nilimwacha apumzike, nikafunua cherehani polepole, nikakanyaga mara tatu. Tak tak tak. Nikaganda.

Bevu alikunja uso. Mikono ikapanda mpaka karibu na masikio, ikakaa hapo, ikashuka. Ikashuka! Akarudi kwenye vifungo vyake.

Nilitoka nje nikalia kwenye kamba ya nguo. Namukose, jirani, akauliza kwa Kiswahili chake, "Mama Bevarine, nani kufa?" Huwa hapendi Kiswahili, anasema kinamkumbusha askari wa zamani waliotesa watu, lakini leo alikitoa mwenyewe. Nikamwambia hakuna aliyekufa, nimekanyaga cherehani. Alinitazama akaenda zake.

Jumatano, 20 Agosti

Mistari ya Gorreti imeanza kufumuka. Nikajiambia leo ndiyo siku. Nilimkalisha katikati ya magoti, mafuta mkononi, kitana nimekificha nyuma. Nikaanza kwa vidole tu, taratibu, kama nilivyoona watu wakifanya. Akavumilia. Nikashika shanga ya kwanza.

Akasukuma mkono wangu. Hakupiga yowe. Aligeuka, akanitazama machoni, yeye asiyetazama mtu machoni, akasema wazi kabisa: "Senge."

Miaka sita nangoja aniite. Maneno yake yote yanahesabika, maji, hapana, nje. Mama hajawahi kusema. Na leo, nyumbani kwangu, katikati ya magoti yangu: Senge.

Nimemwacha. Nimeenda kuosha vyombo vilivyo safi. Nasikia wivu mpaka meno yanauma, siwezi kuuita jina lingine. Gorreti ana nini? Ana karanga na kwapa! Mimi nilimzaa huyu, nilichanika, nikashonwa. Yeye amembeba wiki ngapi?

Tofauti ni muda tu. Gorreti amepata wiki tisa za muziki, mimi nimepewa mbili. Nikikimbizwa na sare za shule nashona asubuhi na jioni, kazi inaisha kwa nusu ya siku zake. Muziki nao si kazi tu?

Alhamisi, 21 Agosti

Asubuhi nusu saa. Jioni nusu saa nyingine. Ametulia.

Daftari: Nusu saa. Hakulia.

Jumamosi, 23 Agosti

Jana mara mbili. Leo mara tatu. Na sauti nimepandisha kidogo tu juu ya ile rangi ya kucha, kwa sababu nje walikuwa na sherehe na spika zao.

Amekuwa mpole ajabu. Anakaa pale nilipomweka. Vifungo hagusi tena, mikono inabaki juu ya beseni. Hakula vizuri, lakini joto ni kali, hata mimi sina hamu. Nimekanyaga cherehani dakika nzima, hakugeuka!

Nimempigia Gorreti, nikamwekea simu karibu na cherehani asikie. Unasikia wifi? Nashona na yupo hapahapa! Akashangilia, akanibariki. Baadaye akauliza kama Bevu anakojoa vizuri, analala vizuri, mbona hamsikii akiimba ile mm-mm yake. Anajitia daktari sasa. Nikamwambia mtandao unakatika.

Jumatatu, 25 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilishika hedifoni tu. Alipoziona akarudi nyuma mpaka ukutani. Nikasema njoo mama, njoo, kidogo tu. Nikamvalisha. Mimi. Kwa nguvu kidogo. Dakika tano hivi, akatapika juu ya vifungo vyote. Halafu likaja lile yowe, sijawahi kulisikia hata wakati wa mvua. Akaning'ata mkono, hapa alama ya meno. Akaanza kung'oa mistari kichwani kwake, shanga zikaruka kila upande. Nikamshika mikono, akapiga kichwa kwenye mguu wa cherehani.

Namukose alisukuma mlango. Alichukua blanketi, akamfunika Bevu mzima, kichwa na yote, akamkumbatia juu yake, akakaa naye chini. Kama saa nzima. Namukose! Hata yeye! Mimi nilisimama na hedifoni mkononi.

Alipotulia Namukose akaniuliza, "Wewe kufanya nini mtoto?"

Nikasema ni homa.

Daftari lipo mezani. Nimelifungua mara tatu. Nikiandika yaliyotokea, Mwalimu atamwambia Gorreti, Gorreti atamwambia kaka yake, na kaka yake atasema si nilisema. Shule ya Mbale. Basi, mtoto amekwenda.

Daftari: Nusu saa. Hakulia. Amekula vizuri.

Jumanne, 26 Agosti

Anaziba masikio nikimimina maji kikombeni. Maji!

Hedifoni ziko juu ya kabati. Hazishuki.

Ijumaa, 29 Agosti

Siku nne bila muziki, bila cherehani, nazungumza kwa kunong'ona. Ameanza kula. Haji karibu yangu, lakini hakimbii. Uvimbe wa kichwani umeshuka. Mistari iliyobaki nimeikata akiwa amelala, amerudi kuwa mvulana wa sokoni.

Leo nimekaa nikajaza kurasa nne za daftari kwa mpigo. Nimetumia kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, zionekane ni siku tofauti. Nusu saa, hakulia. Nusu saa, hakulia, amecheza na vifungo. Nimempigia Masinde nikamsomea lote. Amefurahi hadi akapiga honi ya lori. Ameniita mama hodari.

Nilikuwa sijaitwa hivyo muda mrefu. Nimelipenda neno lenyewe, nitalala nalo leo.

Jumatatu, 1 Septemba. Mbale

Gorreti alipoona kichwa cha mtoto alishika mdomo. Nikasema nywele zilichakaa. Akasema ndiyo, zilikuwa za kufumua. Anakubali kila kitu, huyu! Laiti angenigombeza.

Mwalimu Twaibah amesoma daftari ukurasa kwa ukurasa, kidole kinafuata mstari. Wiki mbili, hakuna kilio hata kimoja. Akaniambia mbele ya wenzangu, hivi ndivyo mzazi anavyoandika. Kisha akasema basi masikio yako tayari kwa hatua ya pili, muziki wenye sauti nyembamba za juu, dakika arobaini. Bevu atabaki kwa Gorreti wiki hii, aanze kesho. Masinde akija Mbale tarehe nane tukae wote tuamue.

Ningesema tu, Mwalimu, mpumzishe kwanza. Bila kueleza sababu. Hata hilo sikusema. Nilisema nina sare za watu, nikarudi Jinja mchana uleule.

Jumatano, 3 Septemba. Jinja

Gorreti amepiga analia. Jana Bevu alivua hedifoni akazitupa, akang'ata mtoto mwingine. Leo hakukubali hata kuingia chumbani. Usiku halali, mchana amejikunja chini ya kitanda cha Gorreti. Mwalimu amemuuliza Gorreti nyumbani kwake kumebadilika nini, maana Jinja alikuwa sawa. Gorreti amefikiria, anasema labda ni mashine ya kusaga iliyofunguliwa nyuma ya nyumba yao mwezi uliopita. Labda ni wajukuu wa jirani. Ananiuliza mimi! Wifi, nimekosea wapi?

Nikasema sijui, wifi. Mungu anajua.

Ijumaa, 5 Septemba

Masinde amemfokea dada yake kwa simu. Amenisimulia mwenyewe. Nakupa mtoto mzima, unamharibu kwa siku mbili! Nafasi ya shule imefutwa. Jumatatu tukitoka kwa Mwalimu, Bevu anarudi Jinja na mimi, na wala si kwa wiki mbili.

Nimeshinda.

Niandike na hili, maana nimeahidi ukweli humu ndani. Aliposema amemfokea, nilifurahi. Nilisikia utamu kabisa, mpaka nikamwambia arudie alivyosema. Mungu anisamehe. Nikakaa kwenye cherehani nikashona mikono ya mashati kumi, naimba.

Jioni Gorreti ametuma ujumbe. Ameacha kuchambua karanga nyumbani, labda vumbi lake linamsumbua mtoto. Kuku wake amewapeleka kwa jirani. Amemwomba mwenye mashine ya kusaga asisage asubuhi, mwenyewe akamcheka. Sijamjibu. Nimezima simu.

Jumatatu, 8 Septemba. Mbale, chumba cha muziki

Naandikia hapahapa kwenye benchi. Nilibeba kitabu hiki kwenye mkoba, sijui kwa nini.

Tumekaa wote. Masinde ameegesha lori huko barabara kuu, ananuka dizeli na anatabasamu. Gorreti amekonda wiki moja tu hii. Alipoingia alinishika mikono yote miwili, mbele ya kaka yake, mbele ya Mwalimu, mwanamke aliyenizidi miaka kumi na mbili. Akasema, nisamehe wifi, ulinipa mtoto anayeendelea, nakurudishia hivi. Nilitaka kumwambia aache. Nilisema, haidhuru. Haidhuru!

Bevu yuko kwenye mkeka, amempa kila mtu mgongo. Hata Gorreti. Mikono iko masikioni na hapa ndani hakuna sauti yoyote.

Mwalimu Twaibah ana daftari langu la bluu mapajani. Anamweleza Masinde. Anasema mwenyewe alitaka kusimamisha muziki kabisa, maana akimtazama mtoto, moyo wake unamwambia masikio yamechoka. Lakini daftari linasema vingine. Siku kumi na nne bila tatizo. Kwa hiyo si masikio, ni mahali, ni mtu aliyekaa naye. Atafuata alichoandika mama. Leo waanze hatua ya pili hapahapa, dakika arobaini, mama akiwa amemshika, na jioni tuondoke na mashine yetu twende nayo Jinja.

Masinde ameitikia kwa kichwa. Gorreti amesema ndiyo, ndiyo, mama ndiye anayejua.

Mwalimu amechukua hedifoni. Amezifuta kwa kitambaa. Anapiga magoti mbele ya Bevu. Bevu ameona. Hakupiga yowe, ameanza kurudi nyuma na makalio juu ya mkeka, taratibu, mpaka mgongo wake umegusa miguu yangu. Yangu! Amekuja kwangu. Hajageuka kuona ni miguu ya nani.

Mwalimu amesema, Mama Beverlyne, mshike vizuri tuanze.

Nimemwambia, ngoja kidogo.

Wananingoja. Masinde amemnong'oneza dada yake, muone, hata hapa anaandika. Wanadhani naandika maendeleo ya mtoto.